Mwanafunzi wa Koplo

Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na saba, Mwalimu Walter aliishiwa na pumzi katikati ya somo. Alikuwa amesimama mbele ya waumini kanisani Newala, kitabu mkononi, akisoma kama alivyosoma Jumapili nyingi kabla ya hiyo. Mstari ulikuwa mrefu. Alipoufikia katikati, hewa ikakataa kuingia. Akakishika kimeza cha kusomea, macho yakafanya giza, jasho jembamba likamtambaa mgongoni ingawa ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekaa madirishani. Watu walidhani anatulia ili neno liwaingie. Akamaliza kwa tabu, akarudi kuketi, na tangu hapo hakusikia tena kilichosemwa. Alikuwa anahesabu miaka.

Yeye alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Baba yake, katekista wa zamani kule Masasi, alianguka shambani akiwa na hamsini na miwili, hakuinuka. Kaka yake Bartholomayo alianguka akivaa viatu, umri ule ule. Hakuna kati yao aliyekuwa ameugua kabla.

Hakumwambia mtu. Lakini mkewe, Julia, aliona kwamba kila akirudi shuleni anasimama kizingitini kwa muda mrefu akijifanya anapangusa viatu, na kwamba viatu havikuwa na vumbi la kiasi hicho. Mwishoni alimpandisha lori la kwenda Masasi kumwona daktari wa hospitali ya misheni. Daktari alimsikiliza kifua, akambonyeza miguu, akampandisha na kumshusha ngazi mara kadhaa, kisha akamweleza kwa upole kwamba moyo wake hauna ugonjwa, ila umezoea uvivu. Miaka ishirini ya kukaa kitini ilikuwa imemjaa tumboni. Alitakiwa atoke jasho siku nne kila wiki mpaka shati lilowe, aanze kidogo kidogo, na asiache. Mwalimu akauliza itakuwaje akiacha. Daktari akamuuliza baba yake alifariki na umri gani, na alipojibiwa akamfungulia mlango.

Lori lilipokuwa likipanda mwinuko kurudi juu Newala, Mwalimu Walter alikuwa ameshika ubao kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine ameviweka kwenye mshipa. Aliviacha hapo mpaka nyumbani.

Akajaribu kulima. Siku ya pili majirani walikuja kumuuliza Julia kwa sauti ya chini kama Mwalimu amefukuzwa kazi. Akajaribu kutembea kwa kasi barabarani, na kila aliyekutana naye akamsimamisha kutaka kujua nani amefariki. Mwalimu mkuu hakimbii bila sababu. Ndipo Basil, karani wa boma, rafiki yake wa karibu, alipomwambia habari za Koplo.

Huyu Koplo alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, akafika mpaka Bama kupigana na Wajapani, na alipokuwa jeshini alipigana masumbwi kwa niaba ya kikosi chake. Sasa alikuwa mlinzi wa maghala ya korosho ya Mhindi mmoja hapo mjini. Ghala moja la nyuma lilikuwa tupu, na humo, kila alasiri siku nne kwa wiki, aliwafundisha watu wazima waliotaka jasho tu na si ugomvi: polisi mmoja mnene, fundi cherehani, mpishi wa bwana shauri wa boma, na Basil mwenyewe. Basil alivuta kiuno cha suruali yake kuonyesha nafasi iliyobaki. Mlango unafungwa, akasema, na hakuna anayekuja kuchungulia.

Mwalimu Walter hakuwa amepigana na mtu maishani mwake. Alipokuwa mtoto alikuwa akikimbia ugomvi, na alipokua mikono yake ilizoea chaki na fimbo. Usiku aliposikia moyo wake ukigonga kwenye mto wa kulalia aliona afadhali ngumi.

Ghala lilinuka magunia na mafuta ya korosho. Gunia lililojazwa mchanga na makapi lilining'inia kwenye boriti, na juu ya kasha palikuwa na kamba za katani na jozi tatu za glovu za turubai zilizoshindiliwa sufi. Koplo alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, sauti ya chini. Alimwamkia Mwalimu shikamoo kwa heshima, akamwonyesha namna ya kusimama: mguu wa kushoto mbele, kidevu chini, mikono juu kulinda uso. Akampa kamba aruke. Mwalimu aliruka mara kumi na nane, kisha akaegemea ukuta, ulimi mkavu, akisubiri kufa. Hakufa. Koplo akamwambia apumzike halafu aruke tena mara kumi na nane.

Wenzake walipoondoka, Mwalimu alibaki akifunga vifungo vya shati. Koplo alikuwa akifungua vitambaa alivyozungusha viganjani, taratibu, bila kumtazama.

"Mwalimu, hunikumbuki."

Mwalimu alijibu kwamba kwa kweli hamkumbuki, wanafunzi ni wengi.

"Mimi ni Bwanali, wa Mnyambe. Darasa la tatu, mwaka wa thelathini na nane. Yule wa saa."

Mwalimu Walter akaacha kifungo alichokishika.

"Ulinichapa kumi na viwili mbele ya shule nzima, ukanifukuza," Koplo akaendelea, sauti yake ile ile ya chini. "Sikuiba." Mwalimu akafungua mdomo, na Koplo akainua mkono uliokuwa bado na kitambaa. "Usiseme kitu leo. Huna pumzi. Nitakufundisha kama ninavyowafundisha wenzako. Siku utakayoweza kusimama na mimi raundi tatu, tutalizungumza."

Akachukua ufagio akaanza kufagia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wakati ule Walter alikuwa akifundisha shule ndogo ya misheni upande wa Mnyambe. Alikuwa na saa ya mfukoni aliyopewa na padri alipofaulu ualimu, na hakuna mwalimu mwingine upande ule aliyekuwa nayo. Alhamisi moja alimtuma mwanafunzi Bwanali amletee koti lililotundikwa ofisini. Alipolivaa, saa haikuwamo. Akamhoji, mtoto akakana, akamhoji tena mbele ya wenzake, mtoto akakana. Viboko vilifuata, na kufukuzwa. Padri alipopita kukagua alimsifu Walter kwa kuinyoosha shule.

Wiki tano baadaye baridi ilizidi. Walter alitia mkono mfukoni mwa koti lile, kidole kikapenya kwenye tundu, na chini kabisa, kati ya kitambaa na bitana, kikagusa kitu cha mviringo. Aliishika ile saa kiganjani mpaka ikapata joto. Akajiambia atakwenda Mnyambe Jumamosi. Jumamosi ikapita, na iliyofuata. Alifikiria uso wa padri, na nyuso za wazazi, na watoto wakicheka nyuma ya mgongo wake. Shule ilipokaribia kufungwa aliitupa saa chooni. Hakumwambia mtu, hata Julia. Miaka kumi na tisa ilipita, na mingi kati ya hiyo hakuwa ameifikiria kabisa.

Siku ile ya ghalani alirudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba amepokewa vizuri. Ugali ulibaki sahanini. Kama asingerudi ghalani, Koplo angeelewa kwa nini. Kama angerudi, angekuwa anaipeleka taya yake mwenyewe kwa mtu yule. Na asipotoka jasho, kulikuwa na lile jambo la baba yake na kaka yake. Alikaa kati ya hofu mbili, na siku ya pili ilipofika saa kumi akachagua ile aliyoweza kuiona kwa macho. Akaenda.

Akaenda mwezi wa sita wote, na wa saba. Kila siku ya mazoezi ilimbidi apite chooni kabla ya kushika njia. Wenzake walifurahi, wakataniana, polisi akicheza na gunia kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Koplo.

Siku ya kwanza waliposimama uso kwa uso na glovu, Koplo alimgusa pua tu, kidogo, kama mtu anayebisha hodi, na Mwalimu akafumba macho machozi yakamtoka. Koplo akashusha mikono. "Fungua macho," akamwambia. "Ukifumba, ngumi inakuja ile ile, ila huioni." Wakarudia, na wakarudia. Ilimchukua Mwalimu wiki tatu kuacha kufumba.

Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba Koplo hakumwonea. Hakumpiga kwa nguvu kuliko alivyompiga Basil. Alimsahihisha kiwiko, alimpa maji ya kikombe, alimwambia ashushe mabega. Mwalimu aliona upole ule kama akiba inayowekwa kwa siku moja. Alitafuta dalili katika kila neno. Raundi zilipimwa kwa saa ya mkononi ya Basil iliyolazwa juu ya kasha, na siku moja Koplo alipoinama kuitazama, akaishika, akaigeuza geuza, Mwalimu aliikosa kamba akajikwaa nayo mpaka akapiga magoti.

Na wakati huo huo mwili ulikuwa ukifanya kazi yake bila kumuuliza. Mkanda ulirudi tundu moja, kisha la pili. Alipanda ngazi za kanisa akizungumza. Julia alimwambia amekuwa kama alivyokuwa walipooana, akacheka, naye akashindwa kucheka naye. Shuleni, siku moja alikuwa ameinua fimbo juu ya msichana mmoja aliyedaiwa kuficha kitabu cha mwenzake, na mkono ukakataa kushuka. Akamwambia akakae. Fimbo akaiweka juu ya kabati, ikawa inakaa huko.

Mwezi wa nane aliweza raundi moja nzima. Wa tisa, mbili. Hapo ndipo hofu ilipomshika vibaya, kwa maana alihisi kifuani kwamba ya tatu imo. Akaanza kujilegeza. Raundi ya pili ikikaribia mwisho alihema kwa kelele, akashika magoti, akaomba radhi. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne Koplo alimsogelea karibu ili wengine wasisikie.

"Mwalimu, unadanganya. Pumzi yako imebaki."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, jua kali, mvua bado. Korosho zilikuwa zinadondoka, mji mzima ulinuka mabibo ya mikorosho, na wanafunzi wengine wa Koplo walikuwa mashambani kwao wakiokota. Mwalimu alipoingia ghalani alimkuta Koplo peke yake. Saa ya Basil ilikuwa juu ya kasha, Koplo ameiazima. Koplo akafunga mlango kwa sababu ya upepo, au ndivyo alivyosema.

Raundi ya kwanza ilikuwa kama siku zote. Mwalimu alisikia saa ikigonga juu ya kasha, au alidhani anaisikia. Ya pili Koplo aliongeza mwendo, na Mwalimu akashangaa kuona kwamba anazikinga ngumi, moja, mbili, na kwamba miguu yake inajua pa kwenda. Wakapumzika. Koplo akamtazama, akaitazama saa, akasema, "Ya tatu."

Ngumi ya kwanza ilimpata begani na ilikuwa na uzito ambao Mwalimu hakuwa ameujua. Ya pili ikaingia mbavuni. Akarudi nyuma mpaka gunia likamgusa mgongo. Alitaka kufumba macho, na hakufumba, kwa hiyo aliuona uso wa Koplo. Haukuwa na hasira. Midomo ilikuwa imekunjika kama ya mtoto anayejizuia asilie mbele za watu, na Mwalimu aliukumbuka uso huo sawasawa, aliukumbuka ukiwa umelazwa upande mmoja juu ya benchi siku ya viboko. Mikono yake ikashuka yenyewe. Ngumi iliyofuata ilimwingia chini ya kifua.

Alijikuta chini. Hewa haikuwapo. Kifua kilikuwa kimefungwa kama sanduku, na hakuna kilichoingia wala kutoka. Akasema moyoni, ndiyo hii. Aliyaona mabati ya paa na tundu la msumari lenye mwanga, akaushikilia ule mwanga kwa macho.

Koplo alikuwa amepiga magoti karibu naye, akimwita Mwalimu, Mwalimu. Kisha akainuka. Akakimbilia mlangoni, akaufungua kidogo, akachungulia nje, akaufunga tena. Alikuwa anavuta glovu kwa meno na glovu haitoki. Mtu aliyepigana Bama alikuwa akizunguka ghala kama kuku aliyefungiwa.

"Watanitia kitanzi," alikuwa akisema peke yake. "Nimemuua mwalimu wa misheni. Watanitia kitanzi. Nani ataniamini mimi. Nani ataniamini."

Maneno hayo Mwalimu Walter aliyasikia yote. Na hewa ikarudi, nyembamba kama uzi, kisha nene zaidi. Akakohoa. Koplo akaganda alipokuwa. Akaja, akamwinua, akamwegemeza kwenye kasha, akamshikia kikombe cha maji, na yote hayo bado na glovu moja mkononi. Alikuwa akiomba msamaha, hakukusudia, alisema, alidhani Mwalimu atakinga.

Mwalimu angeweza kunywa maji yale, akapumzika, na kwenda nyumbani. Aliogopa kusema kuliko alivyoogopa alipokuwa chini bila pumzi.

"Bwanali, hukuiba."

Koplo akaweka kikombe chini.

"Saa niliiona mwenyewe. Wiki tano baada ya kukufukuza. Ilikuwa imeingia kwenye bitana ya koti langu. Nikanyamaza."

Nje upepo uliburuta majani ya mkorosho kwenye ukuta. Koplo aliuliza saa iko wapi. Mwalimu akamwambia aliitupa chooni. Koplo akaivua ile glovu, sasa ikatoka kirahisi, akaiweka sakafuni, na akakaa karibu nayo.

"Mimi nilidhani ulikosea," akasema mwishoni. "Miaka yote hii. Nilidhani ni mtu aliyekosea, na nilitaka tu useme hivyo."

Akainuka, akachukua saa ya Basil, akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Jumatatu ghala lilikuwa limefungwa, na siku zilizofuata pia. Basil alisema Koplo ameomba ruhusa kwa Mhindi, amekwenda kwao Mnyambe kuokota korosho. Alimuuliza Mwalimu kama waligombana. Mwalimu akasema hapana.

Wiki mbili alikaa na hofu mpya. Aliogopa Bwanali atakuja na ndugu zake. Aliogopa zaidi kwamba hatakuja, bali habari itakuja yenyewe, itafika shuleni kabla yake. Na alasiri moja, akiwa anasahihisha madaftari, wazo lilimjia kwa utulivu kabisa: hakukuwa na shahidi. Neno lake, mwalimu mkuu aliyefundisha miaka thelathini, na neno la mlinzi wa maghala. Angekana tu. Aliweka kalamu chini. Alijiogopa mwenyewe kwa namna ambayo hakuwahi kumwogopa Koplo, akatoka akamtafuta Julia jikoni, akamwambia yote, akiwa amesimama.

Julia alikuwa anakoroga kisamvu. Aliendelea kukoroga muda mrefu. Hakumfariji wala hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama mama wa yule mtoto bado yu hai. Mwalimu akasema hajui.

"Basi nenda ukajue, Baba Cecil," Julia akasema.

Kwenda Mnyambe kwa miguu ni mwendo wa nusu siku. Jumamosi aliondoka alfajiri na barua mbili mfukoni, moja ameiandika kwa padri wa Newala na nyingine kwa wakubwa wa misheni Masasi. Mwaka mmoja kabla asingefika hata nusu ya njia. Sasa miguu ilikwenda yenyewe na kifua kikafuata, na alichukia jinsi ilivyokuwa rahisi, maana kila kijiji alichokipita kilikuwa kimepungua kati yake na pale alipokuwa anakwenda. Mara mbili alisimama akageuka. Mara ya pili alikaa chini ya mkorosho wa mtu na kutazama njia ya kurudia mpaka mwenye shamba alipokuja kumuuliza kama anaumwa.

Mama Bwanali alikuwa hai. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na alikuwa akianika makopa ya muhogo juu ya mkeka mbele ya nyumba. Mwalimu alimwamkia shikamoo ingawa mama yule alimzidi yeye miaka michache tu. Akaitikia marahaba bila kumtambua. Mwalimu akajitaja jina. Mikono ya mama ikasimama juu ya makopa. Mwalimu akaomba kama mjomba wa Bwanali yupo aitwe, kwa sababu alilokuja nalo ni la ukoo mzima. Mjomba, mzee Nurdini, akaja na mkongojo wake, na majirani wawili watatu wakafuata kwa kuwa mgeni alikuwa na koti. Bwanali naye akatokea shambani na kikapu cha korosho. Akasimama mbali, kando ya ghala la mtama, hakusogea.

Mwalimu Walter alisimama mbele yao. Alikuwa amepanga maneno njiani na yote yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo alisema machache. Saa haikuibwa. Ilikuwa kotini. Aliiona, akajua, akanyamaza miaka kumi na tisa, na mtoto wao akaitwa mwizi kwa sababu yake. Akatoa barua mbili, akasema zina maneno hayo hayo, na kwamba kesho zitakuwa njiani kwa wenyewe.

Kuku alipanda mkekani akafukuzwa na jirani.

"Siku ile alipofika hapa nilimuuliza," Mama Bwanali akasema. Hakuwa akimtazama Mwalimu, alikuwa akiongea na makopa. "Akasema, mama, sikuiba. Nikachukua mti na mimi nikampiga. Mgongo wake ulikuwa bado unatoka damu. Nilisema Mwalimu hawezi kusema uongo."

Kando ya ghala, Bwanali aliweka kikapu chini.

Mama akaanza tena kuyageuza makopa, moja moja, upande uliokauka chini na wenye unyevu juu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mzee Nurdini alimuuliza Mwalimu anataka nini kwao. Mwalimu akasema hataki kitu. Mzee akawaza, akasema kwamba maneno yamesikika na majirani wameyasikia, hilo ndilo alilolileta na limefika, mengine si ya kumalizwa siku moja. Kisha Mama Bwanali, bila kuinua kichwa, akasema mgeni apewe maji, ametembea. Mwalimu aliyanywa akiwa amesimama.

Bwanali alimsindikiza mpaka mwisho wa kijiji. Walitembea, Mwalimu akiisikiliza ile miguu mepesi nyuma yake. Njia ilipogawanyika Bwanali akasimama.

"Sijakusamehe, Mwalimu."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza. Siwezi kukuahidi." Alikuwa akitazama vidole vyake vilivyobanduka ngozi kwa utomvu wa korosho. "Jumatatu nafungua ghala. Ukija, njoo. Usipokuja sitakutafuta."

Barua zilifika. Padri alimwita, akamsikiliza. Ilipofika Krismasi, Mwalimu Walter alikuwa ameondolewa ukuu wa shule, akawa mwalimu wa darasa la pili chini ya mwanafunzi wake wa zamani. Kanisani hakuruhusiwa kusoma somo kwa mwaka mzima. Watu walinyamaza alipopita, kisha wakaongea alipokwisha kupita. Mwanawe Cecil, aliyekuwa karani Lindi, aliandika barua fupi ya aibu, na hakuandika tena kwa miezi. Julia alikaa naye benchi la nyuma.

Ghalani alikwenda. Jumatatu ile ya kwanza alisimama nje ya mlango mpaka Basil akaja akamkuta, wakaingia pamoja. Habari ilikuwa imekwisha kuwafikia wote, na hakuna aliyeisema. Koplo akampa kamba. Walipovaa glovu, ngumi zake zilikuwa zile za mwanzo, za kufundishia, na Mwalimu alizikinga akijua ngumi ile ya raundi ya tatu ipo ndani ya mkono ule ule na inaweza kuja siku yoyote. Haikuja. Lakini kwa zaidi ya mwaka, siku nne kwa wiki, kila siku alipita chooni kabla ya kushika njia.

Mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa tatu, mvua zikiwa nyingi, ghala lilifungwa ghafla. Siku ya pili mtu alikuja kwa baiskeli nyumbani kwa Mwalimu kutoka Mnyambe, akasema ametumwa na Bwanali. Mama amefariki asubuhi, na anazikwa alasiri. Hakusema kama Mwalimu anaitwa au anaarifiwa tu. Mwalimu hakuuliza. Alipata lori la mihogo lililokwenda upande huo, akateremka karibu na kijiji, akaisogelea nyumba akiwa na hofu ile ile ya siku ya makopa. Alidhani watamfukuza. Alikaa mwisho kabisa wa mkeka wa wanaume, akaenda mwisho wa msafara, akasimama nyuma kabisa kaburini wakati watu wa dini yao, Waislamu, wakisali.

Waliposhusha maiti, wanaume wa ukoo walianza kufukia. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na mzee Nurdini, aliyekuwa akisimamia kazi, aliwapokeza watu majembe mmoja baada ya mwingine walipochoka. Bwanali alikuwa amesimama kwenye udongo uliomfika vifundoni, akivuta bila kupumzika. Aliposimama kufuta uso, macho yake yaliwapita watu, yakamkuta Mwalimu. Akasema neno na mjomba wake. Mzee Nurdini akaja kwa mkongojo, taratibu, akiwapita vijana waliokuwa mbele, akamtia Mwalimu Walter jembe mkononi.

Mwalimu hakujua maana yake. Huenda ilikuwa msamaha, na huenda ilikuwa tu kwamba Bwanali alijua kuliko mtu yeyote pale kiasi cha nguvu iliyomo mikononi mwa Mwalimu. Akavua koti, akaingia kando ya Bwanali, na wakavuta udongo pamoja mpaka ukafika juu.